Miembe ya Ujiji na Tabora: ni kweli iliota kwa kokwa za watumwa?

MwalimuKasulu ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Naandaa maelezo ya kurasa mbili kwa wanafunzi wa kidato cha tatu watakaotembelea Ujiji, pamoja na wenzao wa upande wa Tabora watakaokwenda Kwihara, penye tembe walimokaa Stanley na Livingstone. Nimekusanya yale yanayosemwa mara nyingi kwa wageni, na kuna sentensi tatu sitaki kuzipitisha kabla ya kuzichambua:

"Miembe yote kwenye njia ya Ujiji hadi Bagamoyo iliota kutokana na kokwa walizotupa watumwa wakiwa safarini, ndiyo maana imejipanga kwa mstari."

"Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe, Ujiji, tarehe 10 Novemba 1871, akamwambia yale maneno maarufu."

"Wajiji wa zamani walisimulia kuwa ziwa lilitokea baada ya mwanamke kutoa siri ya kisima chenye samaki."

Ya kwanza ndiyo inayopendwa kuliko zote, na wanafunzi huikariri hadi kwenye mtihani. Nauliza: ina ushahidi gani? Inaweza kupimwa vipi na shule isiyo na maabara, yenye futi kamba na simu tu? Na hiyo ya kisima niiweke wapi, maana kuna wanaotaka niifute kabisa kwa kuwa "si historia"?

---

Nyaraka_Tabora amejibu:

Mwalimu, anza na mwelekeo wa safari, maana hapo ndipo hadithi ya kokwa inapokwama mapema kabisa.

Mwembe si mti wa asili wa bara letu. Ulitoka Asia ya Kusini, ukazoeleka pwani, kisha ukaingia bara na watu waliotoka pwani. Mateka wa karne ya 19 walikuwa wakienda upande wa pili: kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika (Kongo ya leo), kupitia Ujiji, na wengine wakiendelea hadi Tabora na pwani. Mtu aliyetekwa Manyema hakubeba embe la Bagamoyo. Ili apate embe la kula akiwa Ujiji au Tabora, sharti mwembe uwe umeshapandwa pale na umeshazaa. Kwa hiyo hata ukikubali hadithi yote, bado haijibu nani alipanda mwembe wa kwanza.

Maandishi ya wakati ule yanatoa jibu la karibu zaidi. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mpelelezi Livingstone, alipokaa Unyanyembe (eneo la Tabora) mwaka 1871 aliandika kuwa wafanyabiashara Waarabu walikuwa wameleta kutoka pwani machungwa, ndimu, mapapai na maembe, wakayapanda kuzunguka tembe zao (nyumba kubwa za udongo zenye paa bapa). Yaani miembe anayoitaja yeye ni ya bustani, pembeni mwa nyumba ya mtu mwenye mali.

Halafu kuna msimu. Mvua za Tabora huanza Novemba hivi na kuishia Aprili, na maembe huiva humo humo, kwa wingi Novemba hadi Januari. Wanyamwezi wengi waliokwenda pwani kwa kazi ya upagazi walikuwa wakulima pia: walilima masika, wakavuna, kisha wakafunga mizigo kiangazi kilipoingia. Misafara ilikuwepo miezi mingine, sikatai, lakini wingi wa watu barabarani haukuangukia wakati wa maembe. Embe bichi la mwezi wa Julai halina kokwa ya kuota.

Na kokwa yenyewe ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Si kama punje ya mtama unayoweza kuiweka ghalani mwaka mzima. Mbegu ya embe ikikauka, imekufa. Ukiitupa juu ya ardhi ngumu juani, baada ya siku chache haina uhai tena. Anayetaka iote hupasua ganda gumu la nje, hutoa mbegu bila kuijeruhi, huifukia kina kidogo upande uliobinuka ukiangalia juu, kwenye udongo wenye unyevu. Huchomoza baada ya wiki mbili hadi nne. Mche ukishatoka una maadui watatu hapa kwetu: mbuzi, moto wa nyika wa Agosti na Septemba, na kiangazi cha kwanza kabla mzizi haujashuka. Mwembe wa kokwa huchukua miaka kama 5 hadi 8 ndipo uzae. Porini baadhi huponea, ndiyo, hasa kwenye mabonde. Lakini mstari mrefu ulionyooka, wenye nafasi zinazolingana, ni kazi ya mtu aliyechimba mashimo, akamwagilia na kuzungushia miiba.

Jambo la mwisho: "njia" haikuwa moja. Mwaka huo huo wa 1871 vita kati ya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na Waarabu wa Unyanyembe viliziba barabara ya kawaida ya Tabora kwenda Ujiji. Stanley aliondoka Kwihara Septemba, akazunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, akapanda hadi Uvinza na mto Malagarasi, na alipofika Uha akapita usiku kukwepa kudaiwa hongo (ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu). Vita, hongo, maji na njaa vilihamisha njia kila baada ya miaka michache. Ukiona leo mstari mmoja wa miembe unaofuata barabara moja iliyonyooka, mshuku kwanza mpima barabara wa enzi ya Wajerumani au Waingereza kabla ya kumshuku mtu aliyekuwa amefungwa mnyororo.

---

BintiGungu amejibu:

Naongezea upande wa vipimo, kwa kuwa Mwalimu ameomba kitu ambacho wanafunzi wanaweza kufanya kwa mikono yao.

Kila mwembe upeni namba. Andikeni mahali ulipo kwa simu (subirini simu itulie, usahihi ushuke hadi mita 5 hivi, vinginevyo miti miwili ya jirani itaonekana mmoja). Pimeni mzingo wa shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kama shina limegawanyika chini ya hapo, pimeni kila tawi na muandike hivyo. Kisha pimeni umbali kutoka mti hadi mti, shina kwa shina, na umbali kutoka mti hadi ukingo wa barabara. Vipimo hivi vya mwisho ndivyo vyenye habari nyingi. Miti ikiwa imeachana kwa nafasi zilezile, na yote iko umbali uleule kutoka barabarani, basi barabara na miti vilipangwa pamoja. Miti ikiwa imekaa kwa mafungu, mitano hapa na mitatu pale, tafuteni vigae, majivu, udongo mwekundu wa kuta zilizobomoka: huenda hapo palikuwa na tembe au kaya, na miti ni ya uani.

Msigeuze mzingo kuwa umri. Hapo ndipo wengi huharibu. Mwembe ulio karibu na maji hunenepa haraka kuliko ule ulio kwenye changarawe, hata kama ilipandwa siku moja. Mzingo mnaweza kuutumia kulinganisha miti ya eneo moja lenye udongo mmoja, na hata hapo mseme "mnene zaidi", msiseme "mzee zaidi" bila ushahidi mwingine. Kuhesabu pete za ndani nako hakusaidii: mwembe hauangushi majani yote kwa msimu, kwa hiyo pete zake hazitoki wazi mwaka kwa mwaka, na isitoshe miti mikubwa huwa imeoza katikati, yaani sehemu kongwe kuliko zote ndiyo iliyopotea.

Mtu atawaambia mpeleke kipande maabara kikapimwe umri kwa kaboni. Inafaa kuwaeleza wanafunzi kwa nini hilo si suluhisho rahisi. Kwa miaka ya kati ya 1650 na 1950 hivi, kiwango cha kaboni mionzi hewani kilipanda na kushuka kiasi kwamba sampuli moja hutoa majibu kadhaa yanayowezekana, yaliyotawanyika katika karne mbili au tatu. Mwembe wa 1860 na mwembe wa 1910 unaweza kupata jibu lilelile. Kipimo hicho huwa kikali sana kwa miti iliyokua baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950, kwa hiyo kinaweza kuwathibitishia kuwa mti fulani ni mdogo, ila hakiwezi kirahisi kuwathibitishia kuwa ni wa zama za misafara. Na msitoboe mti wowote ulioko kwenye eneo la kumbukumbu bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale.

Sasa dawa ya bei nafuu. Uliza mwembe ni wa nani. Hapa Ujiji mwembe una mwenyewe hata kama umesimama nje ya uwanja wake. Watu wanajua nani huchuma, nani alirithi kwa nani. Fuata mlolongo huo: fulani alirithi kwa baba, baba kwa shangazi, shangazi kwa babu aliyepanda. Kwa kila kizazi weka miaka 25 hadi 30. Mkifika vizazi vitatu mmerudi nyuma miaka 75 hadi 90 tu, hamjafika 1850. Mkifika vizazi vitano na majina yote yapo, hapo mna kitu cha kuandika.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Usianze na "Ni kweli hii ilipandwa na watumwa?" Mzee mwenye adabu atakuitikia. Anza na "Bibi, shikamoo. Huu mwembe nani alikuwa akichuma ulipokuwa mdogo?" Kisha "Ulilisikia kwa nani?" Mhojini kila mtu peke yake kwanza, ndipo mkae kikundi, kwa sababu kwenye kikundi anayesema kwa sauti kubwa huwa ndiye "historia". Na kila jibu liandikiwe kama msimulizi amewahi kutembeza wageni au kusoma kitabu cha shule kinachohusika. Hadithi nyingi za siku hizi zilitoka kitabuni zikaingia mitaani, zikarudi kwa mtafiti zikiwa zimevaa joho la "wazee walisema".

---

MwalimuKasulu amejibu:

Ahsanteni sana, dada BintiGungu na ndugu Nyaraka. Hoja ya msimu sikuwahi kuisikia popote na itawaamsha wanafunzi.

Lakini nina hofu moja. Nikiandika kuwa watumwa hawakupanda miembe, na kuwa wabebaji wa pembe za ndovu walikuwa wapagazi wa kulipwa, mwanafunzi ataelewa kuwa utumwa wa Ujiji ulikuwa mdogo au haukuwepo. Nifanyeje?

---

Kirangozi amejibu:

Hofu yako ni ya haki, Mwalimu, na naomba niitilie mkazo, maana huu ndio moyo wa jambo zima. Hadithi ya kokwa inakosea pande mbili kwa wakati mmoja. Inamnyima mpagazi kazi yake, na inamnyima mtumwa kazi yake pia.

Tuanze na mpagazi. Picha iliyozoeleka ni mtumwa aliyebebeshwa pembe, kisha mtu na pembe wakauzwa pamoja pwani. Wazungu waliopinga utumwa waliieneza sana kwa sababu ilichoma mioyo ya wasomaji. Kwenye njia ya kati haikuwa kanuni. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila 2, takribani kilo 32, mbali na chungu, mkeka na silaha yake mwenyewe. Kwa miezi mitatu hivi kutoka Unyanyembe hadi pwani, mtu aliyetiwa kongwa (nira ya mti) shingoni na kunyimwa chakula hawezi kufikisha mzigo huo salama, na pembe ilikuwa mali ya thamani kubwa mno kukabidhiwa mtu anayetafuta upenyo wa kutoroka. Waliobeba walikuwa hasa Wanyamwezi na Wasukuma, kwa ujira uliopatanwa, wakilipwa nguo za merikani na kaniki, shanga au waya, na posho ya safarini ambayo Burton, mpelelezi Mwingereza aliyefika Tabora Novemba 1857 na Ujiji Februari 1858, aliitaja kuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Walikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, wao mbele, walikuwa na haki ya kugoma, na waligoma: posho ikipunguzwa au mzigo ukizidi, mizigo huwekwa chini na msafara hauondoki. Wale waliobeba pembe kubwa waliheshimiwa, wakizilaza begani na kengele ikiwa imening'inia kwenye ncha.

Mfano unaowafaa watoto wa Kwihara: Livingstone alipofariki kwa mtemi Chitambo (Zambia ya leo) Mei 1873, wafuasi wake Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga na kuubeba hadi Unyanyembe. Oktoba mwaka huo walimkuta pale Cameron, ofisa wa Kiingereza, akawashauri wauzike hapo hapo. Walikataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo na kufika Februari 1874. Tangu kwa Chitambo hadi Unyanyembe msafara huo haukuwa na Mzungu wa kuuongoza. Hiyo ndiyo taaluma ya upagazi, na inastahili aya nzima kwenye karatasi yako kuliko sentensi ya kuamkiana chini ya mwembe.

Sasa mtumwa. Wengi wa waliouzwa Zanzibar miaka hiyo walipitia Kilwa kutoka pande za ziwa Nyasa. Njia yetu ya kati ilikuwa kwanza ya pembe. Lakini usiishie hapo, ndiyo hatari unayoiona. Mateka walivuka ziwa kutoka Manyema kuja Ujiji, na ukatili wa kule uliandikwa na mtu aliyeushuhudia: Julai 1871 Livingstone aliona watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, mji wa Manyema, ndipo akarudi Ujiji amevunjika moyo. Sehemu kubwa ya mateka hawakufika pwani kamwe. Walibaki hapa hapa. Wanaume wa Unyamwezi walipokuwa safarini, mashamba yalihitaji mikono. Tembe za wafanyabiashara wa Tabora na Ujiji zilihitaji wapishi, wachota maji, wachunga ng'ombe, wapiga makasia. Wengi wa watumwa hao walikuwa wanawake.

Kwa hiyo uliza tena: bustani zile za machungwa na maembe ambazo Stanley aliziona kuzunguka tembe, nani alishika jembe? Si mwenye tembe. Inawezekana sana kwamba miembe ya mwanzo ilipandwa kweli na watumwa, ila kwa amri, kwa jembe, kwenye shamba la bwana, wakaimwagilia kiangazi baada ya kiangazi. Hilo ni kosa kubwa zaidi dhidi ya binadamu kuliko kokwa iliyotemwa njiani, na hadithi ya kokwa inalificha, kwa kuwa inawafanya watumwa kuwa watu wa kupita tu. Walikaa. Wazao wao wapo mitaani mwetu, na ndiyo maana mwanafunzi asitumwe kumuuliza mtu hadharani kama babu yake alikuwa mtumwa. Hilo lizuie kabisa kwenye maelekezo yako.

Mpaka kati ya makundi haya nao haukuwa ukuta. Kulikuwa na watumwa wa pwani waliokodishwa kama wapagazi na kumpelekea bwana sehemu ya ujira. Andika "wengi wa wapagazi", usiandike "wote".

Na tarehe zisimamie ukweli: soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu 1876, lakini hali ya kuwa mtumwa haikufutwa kisheria Tanganyika hadi 1922, wakati wa Waingereza. Wajerumani walitawala miaka yote ile bila kuifuta. Walichofanya ni kutangaza huru watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905. Mwanafunzi akijua hilo tu, hatadhani utumwa ulikuwa mdogo.

---

Nyaraka_Tabora amejibu:

Nakubaliana na Kirangozi kwa kila neno hapo. Nijibu haraka sentensi ya pili ya Mwalimu.

Tarehe 10 Novemba ni ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaelekeza siku za mwisho za Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku kwa homa. Kwa hiyo andika: "Oktoba au Novemba 1871, kibao cha kumbukumbu kinatumia tarehe ya Stanley." Maneno maarufu ("Dr. Livingstone, nadhani?") yana shaka zaidi: ukurasa wa shajara ya Stanley unaohusu siku ile umechanwa, na Livingstone hakuyataja. Yapo kwenye yale Stanley aliyoyachapisha baadaye kwa wasomaji wa magazeti. Na mwembe wa wakati ule haupo tena. Miwili iliyopo pale inasemwa kuwa imetokana nao. "Inasemwa" liache kama lilivyo.

Tumia pia nafasi hii kuwaonyesha kuwa maandishi nayo huhaririwa. Mwaka 1871 karatasi zilimwishia Livingstone, akaandika kwa wino wa mmea juu ya magazeti ya zamani, mistari ikikatiza ile iliyochapwa. Ilififia hadi haisomeki. Ilisomwa tena kwa upigaji picha wa mianga mbalimbali, matokeo yakatolewa 2011, na maelezo ya Nyangwe yaliyomo humo yanatofautiana na yale aliyonakili baadaye kwa usafi, ambayo nayo yalipita mikononi mwa mhariri kabla ya kuchapishwa 1874. Yaani ushahidi wa mtu mmoja, tukio moja, una matoleo matatu. Anayewaambia wanafunzi kuwa simulizi la mdomo hubadilika ila kitabu hakibadiliki, awaonyeshe hili.

---

MwanaKibirizi amejibu:

Niingilie kwenye kisima, kwa kuwa ndicho kinachodharauliwa.

Mwalimu, usikifute. Ila usikiandike "Wajiji wanaamini". Andika nani aliandika, lini, wapi: hadithi hii ilichapishwa na Stanley, aliyesema aliisikia Ujiji mwaka 1876, safari yake ya pili. Mtu na mkewe walikuwa na kisima kirefu chenye samaki wasiokwisha, wakatakiwa waitunze siri. Mume akasafiri, mke akamwonyesha mpenzi wake. Yule mgeni akamshika samaki, ardhi ikapasuka, mji na watu wakamezwa na maji. Tunayo kwa mkono wa mgeni mmoja na mkalimani wake, imeandikwa kwa Kiingereza, ikakolezwa na ladha ya mwandishi aliyejua kuuza vitabu. Maungo yake yanaweza kuwa ya kwetu. Mapambo yake usiyaapie.

Kama historia ya miamba, haina msaada. Ziwa Tanganyika liko kwenye bonde la ufa na umri wake ni mamilioni ya miaka. Hakuna binadamu aliyeona likizaliwa. Lakini angalia mwaka. Stanley huyo huyo aliandika kuwa michikichi mitatu aliyoiona 1871 ikiwa imesimama kwenye uwanja wa soko la Ujiji, aliikuta 1876 ikiwa ndani ya maji. Ziwa lilikuwa linapanda. Mto Lukuga, mlango wake wa kutokea upande wa magharibi, ulikuwa umeziba kwa mchanga na mimea. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kilifunguka, Lukuga ukatiririka kwa nguvu, na ziwa likashuka karibu mita 10 ndani ya miaka isiyofika ishirini. Ndiyo maana kumbukumbu ya Livingstone leo iko mbali na ufuko, na bandari ya Wajerumani pamoja na reli iliyofika 1914 viliwekwa Kigoma penye kina kirefu, Ujiji ikaachwa na maji yake mafupi.

Kwa hiyo mwaka 1876 mtu wa Ujiji aliyesimulia juu ya maji yanayomeza mji alikuwa akiyaona yakimeza soko. Sisemi hadithi ilitungwa mwaka huo. Inaweza kuwa ya kale sana. Nasema sababu ya kusimuliwa siku ile, kwa mgeni yule, ilikuwepo mbele ya macho. Huo ndio uchambuzi wa ngano: acha kuuliza kama kisima kilikuwepo, uliza kwa nini hadithi ilitolewa kabatini wakati ule, na inamlaumu nani. Hapa lawama imeangushwa kwa mwanamke, wakati mume aliyesafiri na mwanamume aliyeshika samaki wako salama. Wape wanafunzi swali hilo, hasa wasichana, na muwape muda wa kubishana.

Zoezi la uwanjani: kuanzia 2020 ziwa limepanda tena na kufunika nyumba na maghala ya kandokando, kwa hiyo alama za maji kwenye kuta zipo. Wapime kutoka kumbukumbu ya Livingstone hadi ukingo wa maji kwa ramani ya simu, waandike tarehe. Darasa lijalo lipime tena. Na ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000 zinaonyesha ufuko wa baada ya ziwa kushuka, si ule wa 1871, basi asije mtu akachora kwa ramani hizo mahali Stanley alipopita.

---

MwalimuKasulu amejibu:

Nimeandika upya. Naomba mnikosoe kabla sijachapa:

"Miembe ya kwanza ya Ujiji na Tabora ililetwa na wafanyabiashara kutoka pwani na kupandwa kwenye bustani za tembe zao katika karne ya 19, ambako kazi ya shamba ilifanywa na watumwa. Miembe ya kando ya barabara ilipandwa nyakati tofauti, na mingine ni ya enzi ya ukoloni. Pembe za ndovu zilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa. Mateka kutoka Manyema walipita Ujiji, na wengi walibaki kufanya kazi hapa."

---

BintiGungu amejibu:

Mwalimu, sentensi ya kwanza imeunganisha mambo mawili yenye uzito tofauti. Kuletwa kutoka pwani kumeandikwa na aliyeona. Kupandwa kwa mikono ya watumwa ni hitimisho letu, zuri, lakini hitimisho. Itenganishe: "...kwenye bustani za tembe zao. Kwa kuwa kazi za shamba za tembe hizo zilifanywa zaidi na watumwa, yaelekea wao ndio walioipanda na kuitunza." Sentensi ya pili iachie nafasi ya vipimo vya wanafunzi: "Vipimo vyetu vya miti namba fulani hadi fulani vinaonyesha nafasi ya mita kadhaa", mjaze mkishapima.

---

Kirangozi amejibu:

Na kwenye ya tatu, "zilibebwa zaidi na wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma". Chini kabisa ya karatasi weka mwezi na mwaka wa kuandikwa. Maelezo ya namna hii hunakiliwa kutoka shule hadi shule, na atakayeyakuta baada ya miaka kumi ajue ni ya lini.